Namna ya Kusoma Biblia kwa Simu Bila Simu Kukusoma Wewe

Mtani wangu, simu yako ina tafsiri sita za Biblia, kamusi ya Kiebrania, kamusi ya Kigiriki, ramani za safari za Paulo na sauti ya mtu anayekusomea Zaburi mpaka usingizi ukuchukue. Pamoja na utajiri wote huo, sura ya mwisho uliyoisoma mwanzo hadi mwisho bila kuruka huikumbuki. Mwongozo huu ni wako.

Nauandika kwa utani kwa sababu Tabora ni mji wa utani. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikakata Ugogo na Mgunda Mkali, ikapumzika hapa Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji, iliwajengea Wanyamwezi watani wengi katika makabila waliyopita kwao. Mtani ana ruhusa ya kukwambia usoni lile ambalo ndugu yako analizungukazunguka. Basi nakwambia: wewe husomi, unapekua. Nasema hivyo kwa kuwa Andiko nalipenda, na wewe unastahili kulionja lenyewe, si vile vipande vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp kila alfajiri vikiwa vimepambwa maua ya waridi.

Tuanzie mfukoni. Ukiwa mjini, mtandao una nguvu na bando halijaisha, pakua unachohitaji kikae ndani ya simu. YouVersion inaruhusu kupakua baadhi ya tafsiri. Si zote, maana wenye hakimiliki wa nyingine hawajatoa ruhusa. STEP Bible, kazi ya Tyndale House ya Cambridge, ni ya bure, na ukiiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Ndani yake mna matini ya Kiebrania na ya Kigiriki pamoja na maelezo ya kila neno, hata kwa asiyejua herufi zake. Wenye kompyuta za Windows wanaifahamu pia e-Sword, nayo haina malipo. Kwa Kiswahili chukua tafsiri mbili zenye tabia tofauti: Union Version ya 1952, iliyowakutanisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita na inayofuata kwa karibu mpangilio wa matini ya asili, na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, inayotafuta maana iliyo wazi kwa msomaji wa leo. Zinatosha. Tafsiri ya kumi na moja haitakuongezea ucha Mungu kama ile ya kwanza hujaifungua.

Ukishapakua, zima data. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Ujumbe wa mkopo, shangazi anayeuliza kama umefika salama, picha za harusi, vyote vitasubiri nusu saa. Matokeo ya Simba na Yanga nayo yatasubiri, ingawa najua huo ni mtihani mgumu kwako kuliko kitabu cha Walawi.

Katika misafara ya zamani mpagazi alibeba kama kilo 30 za pembe au vitambaa, na kirangozi alitangulia kwa kuwa alijua maji yalipo. Simu yako ni mpagazi hodari. Inabeba maktaba nzima na hainung'uniki. Unachokosea ni kuipa ukirangozi, ikakutoa kwenye mstari ikakupeleka kwenye video, ikakutoa kwenye video ikakupeleka kwa mhubiri anayeuza mafuta ya upako, na saa moja baadaye bado uko Mathayo 5, mstari wa pili.

Hatua inayofuata itakuudhi: ficha namba za mistari. Programu kadhaa zina mpangilio huo, pamoja na ule wa kuondoa vichwa vya habari. Vichwa hivyo si vya Musa wala vya Luka. Vimewekwa na wahariri, na kila tafsiri ina vyake. Sura tunazotumia zinahusishwa na Stephen Langton, mwanachuoni wa Paris aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya ni kazi ya mchapaji Robert Estienne, aliyeitoa mwaka 1551. Mwanawe alisimulia kwamba sehemu ya kazi ile baba yake aliifanya akiwa safarini kati ya Paris na Lyon. Namba zinafaa sana kwa kutajiana mahali. Lakini Paulo aliandika barua, na barua husomwa kwa mkupuo. Hakuna aliyewahi kupokea barua kutoka kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam akasoma sentensi ya kumi na moja peke yake, akaikunja, akashukuru.

Kwa hiyo nakuomba uisome Yeremia 29 hivyo, kama barua, maana ndivyo ilivyo. Mstari wa 11 unaujua. Umeuona kwenye kadi za mahafali, kwenye kioo cha daladala, kwenye hali ya WhatsApp ya kila mtu anayesubiri majibu ya ajira. Anza mstari wa kwanza. Utakuta Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli. Anawaambia wajenge nyumba huko, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee heri mji uliowateka. Anawaonya dhidi ya manabii wanaowatabiria mambo matamu ambayo Mungu hakuwatuma kuyasema. Kisha, mstari mmoja tu kabla ya ule wa kwenye kadi, anawapa muda: miaka 70. Wengi wa waliosomewa barua ile wasingeuona mwisho wa miaka hiyo. Tumaini lililo katika mstari wa 11 ni la kweli, na ni zito kuliko linavyoonekana kwenye kioo cha daladala, kwa sababu waliopewa ni watu watakaozeeka ugenini. Simu imekupa mstari. Barua nzima ilikuwa kidole kimoja juu yake, na hukukisogeza kidole.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa kisanduku cha kutafuta. Mhubiri anaandika neno "mafanikio", orodha inashuka, anachagua mitatu inayopendeza, na Jumapili tunasikia mistari ambayo haijawahi kufahamiana. Chombo chenyewe ni kizuri. Zamani itifaki, yaani orodha za maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, zilikuwa vitabu vizito vya mezani. Ile ya Mmarekani James Strong ilichapishwa mwaka 1890, ikalipa namba kila neno la asili la Kiebrania na la Kigiriki, na namba hizo ndizo unazozigusa leo kwenye simu bila kumjua aliyezipanga. Tumia utafutaji ukishasoma, usiutumie badala ya kusoma. Ukipata majibu, fungua kila mahali, soma sura yake, ndipo useme kitu. Na akili mnemba uipe sharti hilohilo. Inajibu kwa adabu na kwa uhakika hata inapobuni mstari usiokuwepo. Kila rejea inayokupa, nenda kaifungue kwa mkono wako.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe uliosambaza kwenye makundi matatu kwa herufi kubwa, ukisema wabaya wamefuta mistari kwenye Biblia za simu. Umeona mwenyewe: Matendo ya Mitume 8, Filipo na yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini barabarani, na katika tafsiri fulani mstari wa 36 unarukia wa 38. Kabla ya kuwapigia kelele wachapaji, gusa ile alama ndogo ya tanbihi. Itakueleza kwamba mstari wa 37 haumo katika nakala kongwe za Kigiriki tulizo nazo, Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4 zikiwamo. Unaonekana katika baadhi ya nakala za baadaye, na askofu Irenaeo aliyajua maneno yake tangu karne ya 2. Baadhi ya wafasiri huuacha nje na kuutaja chini, wengine huuweka ndani ya mabano. Mabano hayo yanakwambia ukweli kuhusu safari ya maandishi. Hakuna aliyekuibia.

Na usiniambie jambo hili ni la maprofesa. Unaliishi kila wiki. Jirani yako Mmoravian anamalizia Baba Yetu kwa sifa ya ufalme na nguvu na utukufu; wewe Mkatoliki unaishia kwenye kuokolewa na maovu, na ile sifa unaitamka kwenye Misa baada ya padre kuomba ombi lake. Mmekua mtaa mmoja na mmetaniana kwa hilo tangu utoto. Fungua Mathayo 6:13 kwenye programu mbili, kisha, siku ukiwa na bando, fungua tovuti ya Codex Sinaiticus. Tangu 2009 kurasa zake zilizotawanyika London, Leipzig, Saint Petersburg na Sinai zimekutanishwa mtandaoni kwa picha, na mtu aliyekaa Kipalapala anaweza kuzikuza mpaka aone mikwaruzo ya ngozi. Sifa ile haimo kwenye ukurasa wenye sala hiyo. Sifa inayofanana nayo imo katika Didakhe, kijitabu cha Wakristo wa kwanza kabisa. Hivyo waumini waliimalizia sala kwa sifa tangu zamani sana, na kuna nakala zilizoandika sala bila sifa hiyo. Wewe na jirani yako mna ushahidi wa zamani kila mmoja. Endeleeni kutaniana, ila sasa kwa maarifa.

Ukiniuliza kwa nini nasisitiza nakala, nitakupeleka Kwihara, kwenye tembe alilokaa mmisionari Livingstone, nje kidogo ya mji. Huyu mzee alikuwa msomaji wa Biblia wa aina inayotutia aibu: aliandika kwamba alipokuwa Manyema, miguu imejaa vidonda, alisoma Biblia nzima mara nne. Lakini somo ninalotaka ulione liko kwenye maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1871 karatasi zilimwishia. Akaandika shajara juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutokana na rangi ya mmea. Tarehe 15 Julai mwaka huo, sokoni Nyangwe kando ya mto Lualaba, wafanyabiashara wenye bunduki waliwamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Alikuwepo. Aliandika akiwa bado anatetemeka.

Baadaye aliyanakili maelezo hayo kwa utulivu katika daftari kubwa, akamkabidhi mwandishi wa habari Stanley hapa Unyanyembe, Stanley alipoondoka Machi 1872. Wanazuoni wanaliita Shajara ya Unyanyembe. Livingstone akafa mwaka uliofuata. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake pamoja na karatasi zake, wakapita hapa Tabora, wakafika pwani mwanzoni mwa 1874. Mwaka huohuo rafiki yake Horace Waller akachapisha kitabu kutokana na shajara zile, akiwa amezihariri. Kwa zaidi ya miaka 100 dunia ilisoma tukio la Nyangwe kwa maneno ya kitabu. Magazeti yenyewe yalikuwa yamefifia, wino wa mmea umepauka, herufi za mchapaji zikabaki nyeusi juu yake.

Kisha wakaja watu na kamera. Kundi lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipiga picha kurasa zile chini ya mianga ya rangi mbalimbali, kuanzia ile isiyoonekana upande wa urujuani mpaka ile isiyoonekana upande wa wekundu. Wino wa gazeti na wino wa Livingstone huitikia mwanga kwa namna tofauti, kwa hiyo kompyuta iliweza kuufifisha mmoja na kuukoleza mwingine. Mwaka 2011 shajara ikawekwa mtandaoni, inasomeka. Ilipolinganishwa na daftari la Unyanyembe, ikaonekana kwamba alipokuwa akinakili Livingstone alipunguza na kubadili mambo, hasa yanayogusa mwenendo mkali wa watu wa msafara wake mwenyewe. Teknolojia ya namna hiyohiyo imetumika kuanzia mwaka huo katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, kusoma maandishi ya kale yaliyofutwa ili ngozi itumike tena, yakiwemo ya Injili.

Hivyo ndivyo ninavyotaka uisome Biblia. Uliza maandishi haya yamefikaje mkononi mwangu. Linganisha. Mahali panapotofautiana, kaa hapo. Usikimbie, na usiwe mwepesi wa kulainisha, maana hata mtu mwema aliyeandika kwa wino wa mmea alilainisha alipopata karatasi nzuri.

Andika unachokiona. Kunakili na kubandika hakuhesabiki. Kidole kimefanya kazi, kichwa kimepumzika. Funga programu, eleza kifungu kwa maneno yako, kisha fungua uone ulichosahau. Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule ya serikali hapa Tabora kuanzia 1937 na kurudi kufundisha St. Mary's baada ya Makerere, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda mwaka 1996. Mtu anayetafuta vina na mizani kwa kila tukio hawezi kuruka mstari usiompendeza. Sikuombi utunge utenzi. Nakuomba aya moja, na isiwe na emoji.

Mwisho, usibaki peke yako. Peleka kazi hii kwenye jumuiya au kikundi chenu, wakati wa jioni, na matobolwa na chai viwepo maana njaa haisomi. Simu zote kwenye hali ya ndegeni, za viongozi zikiwa za kwanza. Gaweni: mmoja afungue Union Version, mwingine Habari Njema, anayejua Kiingereza awe na tafsiri mbili, na mwenye STEP Bible akae katikati. Mzee mwenye Biblia ya karatasi apewe kiti kizuri, kwa sababu ya kwake haiishiwi chaji. Someni Mwanzo 37.

Sura hii inatuhusu watu wa hapa kuliko tunavyokiri. Kuna msafara unaotoka bara kwenda kuuza. Kuna mizigo ya manukato juu ya ngamia. Kuna kijana anayeuzwa njiani na kuishia ugenini. Babu zetu waliiona misafara ya aina hiyo ikipita na minyororo yake kwenye miembe ya mji huu, wengine wakiwa ndani yake, wengine wakiiongoza, wengine wakifaidika nayo. Someni mkilikumbuka hilo, halafu mtulie mhesabu nani amefanya nini.

Mstari wa 25, ndugu wameketi kula, wanaona msafara wa Waishmaeli. Wa 27, Yuda anashauri Yusufu auzwe kwa Waishmaeli. Wa 28, wanapita Wamidiani. Kisha Yusufu anatolewa shimoni, anauzwa kwa Waishmaeli. Nani aliyemtoa? Kiebrania kinasema "wakamtoa", hakitaji upya mtendaji, na waliotajwa karibu ni Wamidiani. Angalieni tafsiri zenu zinafanyaje hapo. NIV ya Kiingereza imeandika wazi kwamba ni ndugu zake. Huo ni uamuzi wa mfasiri. Rashbam, mfafanuzi Myahudi wa karne ya 12, alisoma kinyume: ndugu walikuwa wamekaa mbali wakila, Wamidiani ndio waliompata Yusufu na kumuuza. Ukisoma hivyo, mstari wa 29 unapata uhai mpya, pale Reubeni anaporudi shimoni, anakuta hamna mtu, anararua nguo zake. Mstari wa 36 unasema waliomuuza Misri ni Wamidiani. 39:1 inasema Potifa alimnunua kwa Waishmaeli. Wapo wanaoona hapa simulizi mbili za kale zilizosukwa pamoja. Wapo wanaokumbusha Waamuzi 8:24, ambapo Wamidiani wanaitwa Waishmaeli. Mwacheni kila mmoja atetee usomaji wake kwa kuonyesha mstari, na anayeanza na "mimi nahisi" anyang'anywe tobolwa.

Msisahau bei. Vipande 20 vya fedha. Mwenye itifaki atafute, atafika Walawi 27:5, ambapo mwanamume wa kati ya miaka mitano na ishirini anathaminiwa shekeli 20 katika nadhiri. Rudini 37:2 muone umri wa Yusufu: miaka 17. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema vipande 20 vya dhahabu. Ulizaneni kwa nini mtu aone haja ya kupandisha bei.

Hapo usiku utakuwa umeingia na nusu ya simu zitakuwa zinaomba chaja. Kabla hamjatawanyika, kila mmoja aandike rejea mbili za kwenda kusoma nyumbani, sura nzima kila moja. Mwanzo 40:15, Yusufu akiwa gerezani anamwambia mnyweshaji wa Farao kwamba aliibwa. Mwanzo 45:4, akiwa mkuu wa Misri anawaambia ndugu zake kwamba walimuuza. Ni mdomo uleule. Wiki ijayo kila mtu aje na jibu lake na mistari inayolishikilia, na yule wa herufi kubwa aanze kujibu yeye.